Barua ya wazi kwa Amidi wa Kitivo: Tunasomea mifumo ambayo hatujaigusa

Mheshimiwa Amidi,

YAH: UFUNDISHAJI WA SHAHADA YA MIFUMO YA TAARIFA ZA MENEJIMENTI

Kwa heshima na taadhima, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika shahada iliyotajwa hapo juu. Ninaandika hadharani kwa sababu milango ya ndani nimeibisha yote. Barua ya kwanza, ya kulalamikia kufundishwa mifumo bila vitendo, nilimpelekea mkuu wa idara nikiwa mwaka wa pili. Ya pili tuliiandika wanafunzi 11, tukaitia saini na kuileta ofisini kwako kwa mkono. Katibu muhtasi aliipiga muhuri wa kupokelewa mbele yetu. Mara ya tatu tulilisema jambo hili katika kikao cha wawakilishi wa madarasa, likaandikwa kwenye muhtasari. Jibu limekuwa lilelile mara zote: suala linafanyiwa kazi. Mihula mitatu imepita tangu barua ile ya pili. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wameanza kusoma kwa noti zilezile tulizosomea sisi, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Mimi ninakaribia kuondoka, wao ndio kwanza wanaingia.

Simshtaki mhadhiri yeyote. Wengi wao wamebeba madarasa makubwa kuliko uwezo wa mtu mmoja, na wapo walionifundisha mambo nitakayowashukuru kwayo maisha yangu yote. Ninakuandikia wewe kwa kuwa mtaala, ratiba na mgawanyo wa kozi vinapita mezani kwako.

Naomba kwanza niseme kwa nini ninaipenda fani hii, usije ukadhani ninalalamikia nisichokijali. Mwaka 1951 kampuni ya Lyons ya Uingereza, iliyokuwa ikioka keki na kuendesha migahawa ya chai, iliwasha kompyuta iliyojiundia yenyewe, iliyoitwa LEO, ikaanza kuitumia kwa hesabu za kila siku za biashara. Kazi ya kuchambua taratibu za ofisi ili mashine iweze kuzifuata iliongozwa na David Caminer. Hakuwa mhandisi wa umeme. Alikuwa mtu wa menejimenti aliyekulia ndani ya ofisi za kampuni hiyo, aliyejua karatasi inatoka dawati gani kwenda lipi na inakwama wapi. Nafasi ile ya Caminer ndiyo fani yetu. Mhitimu wa shahada hii anatakiwa aweze kueleza kwa nini ankara ya muuzaji haijalipwa, na papo hapo aweze kufungua jedwali la data akaonyesha ilipokwama. Akijua upande mmoja tu, kazi hiyo haiwezi.

Kwa jinsi tunavyofundishwa sasa, Mheshimiwa, hatuujui hata huo mmoja. Hoja zangu ni hizi.

1. Somo la kanzidata (hifadhi ya data iliyopangwa kwenye kompyuta) linafundishwa na kutahiniwa kwa kalamu.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Mtaalamu wa kompyuta Edgar Codd alipochapisha makala yake ya mwaka 1970 kuhusu data iliyopangwa katika majedwali yenye uhusiano, alitaka mtumiaji asilazimike kujua mashine imeipangaje data hiyo ndani yake. Mtu aulize anachotaka, mfumo umtafutie. Fikra nzima ya somo hili ni kuuliza. Sisi tunaweza kukueleza Codd alisema nini, lakini kuiuliza kanzidata hatuwezi.

Katika mtihani wa mwisho wa kozi hiyo tuliulizwa tuandike amri ya SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata, ya kuorodhesha wateja ambao hawajanunua kitu chochote. Niliandika jibu langu kwenye kijitabu cha majibu: nikaunganisha jedwali la wateja na jedwali la mauzo, kisha nikaweka sharti kwamba namba ya mauzo iwe tupu. Nilipata alama zote isipokuwa nusu, niliyokatwa kwa kusahau nukta mkato mwishoni.

Miezi kadhaa baadaye niliweka programu ya kanzidata kwenye kompyuta yangu, nikatengeneza majedwali mawili madogo na kuandika amri ileile, safari hii na nukta mkato yake. Matokeo: hakuna mteja hata mmoja. Nilidhani nimekosea kuingiza data, nikarudia mara tatu. Ndipo nikaelewa kwamba uunganishaji niliotumia hubakiza wateja waliopo kwenye majedwali yote mawili tu. Asiyenunua kitu anaondolewa kabla sharti langu halijamfikia. Nilihitaji uunganishaji wa kushoto, ule unaombakiza mteja hata kama upande wa mauzo hana kitu. Jibu langu la mtihani lilikuwa kosa tangu mwanzo, nami nimetembea nalo muda wote huo nikijua nimefaulu.

Simlaumu aliyesahihisha. Mtu mwenye rundo la vijitabu mezani, akisoma mwandiko wa mamia ya wanafunzi, hawezi kuziendesha amri hizo kichwani. Kompyuta ingenionyesha kosa langu kwa nukta moja ya sekunde, na ningejifunza siku hiyohiyo.

Na hata majedwali tunayochora ubaoni ni masafi mno. Tumekariri kanuni za kupanga majedwali, daraja la kwanza hadi la tatu, lakini hatujawahi kupewa data chafu hata mara moja: mteja mmoja aliyeandikwa kwa majina manne tofauti, tarehe ambazo huku mwezi umetangulia na kule siku imetangulia, namba ya simu iliyopoteza sifuri ya mbele kwa sababu lahajedwali (programu ya majedwali kama Excel) liliihesabu kuwa tarakimu ya kawaida. Data za namna hiyo ndizo tutakazozikuta kazini.

2. Idara mbili zinatufundisha bila kusemezana.

Kozi zetu za uhasibu na menejimenti zinatoka idara moja, za kompyuta zinatoka nyingine. Mbinu ya kujenga mfumo kwa hatua zinazofuatana tumefundishwa mara mbili, katika kozi mbili, kwa michoro inayofanana. Wakati huohuo yapo mambo ambayo kila idara inadhani mwenzake ameyafundisha.

Nitatoa mfano mmoja. Kabla ya kumlipa muuzaji, mhasibu hulinganisha nyaraka tatu: oda ya ununuzi, hati ya kupokelea mzigo na ankara. Zikipishana kwa idadi au kwa bei, malipo yanasimama. Udhibiti huu ni wa zamani kuliko kompyuta, na leo umo ndani ya karibu kila mfumo mkubwa wa kuendesha biashara. Katika uhasibu tuliusoma kama aya ya kukariri. Katika kozi ya kuandika programu, muda ule ambao tungeweza kuujenga, tulikuwa tunatafuta namba tasa na kupanga orodha za tarakimu. Sisemi namba tasa hazina maana. Ninasema tungeweza kujifunza sharti na mzunguko uleule wa programu kwa kulinganisha oda na ankara, na tungetoka darasani tumejua mambo mawili badala ya moja.

3. Fildi haina anayetusimamia kitaaluma.

Nilipelekwa fildi kwa wiki nane. Msimamizi kutoka chuoni alikuja mara moja, akasaini kitabu changu cha kumbukumbu, akauliza kama ninahudhuria, akaondoka. Jambo kubwa kuliko yote niliyojifunza kwenye shahada hii nilijifunza katika wiki ya tatu ya fildi hiyo, na hakuna mtu wa chuo aliyewahi kuniuliza habari zake.

Niliwekwa stoo. Mtunza stoo alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Mezani kwake palikuwa na kompyuta yenye mfumo mpya wa kutunza bidhaa, na pembeni ya kibodi daftari la jalada gumu lililofungwa kwa mpira. Kwenye taarifa yangu ya kwanza niliandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba watumishi wanapinga mabadiliko na wanahitaji mafunzo. Hivyo ndivyo noti zetu zinavyosema: sababu ya kwanza ya mfumo kukwama ni watumiaji kupinga mabadiliko.

Siku moja uliletwa mzigo wa makasha 32 wakati oda ilikuwa ya makasha 40. Nikamwona mama yule akijaribu kuingiza 32. Mfumo ukakataa: ama upokee oda nzima au usipokee kabisa. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba mzigo umefika pungufu. Akafungua daftari, akaandika tarehe, namba ya oda, 32, na mbele yake "bado 8". Akaniambia, "Mwanangu, nikiandika arobaini nimesema uongo, nisipoandika kitu nao watu wa mauzo watasema stoo haina mali. Sasa nifanyeje?"

Daftari lile halikuwa ukaidi. Lilikuwa mfumo wa kweli wa stoo ile, na kompyuta ndiyo iliyokuwa na upungufu. Yeyote aliyesanifu ule mfumo hakuwahi kukaa asubuhi moja stoo akiangalia mizigo ikishuka. Nilifuta taarifa yangu nikaandika nyingine. Ilirudi chuoni na alama ya kupita, bila neno hata moja pembeni.

Wengine walikuwa na bahati mbaya kuliko mimi: walipangiwa fotokopi na kupokea simu wiki zote nane.

4. Hatufundishwi madhara ya mfumo mbaya.

Katika mitihani tumeulizwa mara nyingi tutaje faida za mfumo wa taarifa. Hatujaulizwa hata mara moja mfumo unaweza kumfanya nini mtu.

Tarehe 26 Oktoba 1992, huduma ya magari ya wagonjwa ya London ilihamia kwenye mfumo mpya wa kompyuta wa kupanga magari. Mfumo ukapoteza hesabu ya magari yalipo. Mahali pengine yalitumwa magari mawili kwa tukio moja, na wapigaji simu wengine walisubiri muda mrefu bila msaada kufika. Ripoti ya uchunguzi iliyotoka 1993 ilionyesha kwamba programu haikuwa imekamilika wala kujaribiwa kikamilifu, na kwamba mafunzo kwa watumishi hayakutosha. Karibu kila sura ya kozi yetu ya uchambuzi na usanifu wa mifumo ingeweza kufundishwa kwa kisa hicho kimoja.

Kipo na kilicho kizito zaidi. Kuanzia 1999, Posta ya Uingereza ilitumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon katika ofisi zake ndogo. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao wasimamizi wa ofisi hizo walisema haukuwepo. Wakaaminiwa? Hapana, iliaminiwa kompyuta. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa miaka, baadhi yao wakafungwa, wengine wakalipa kwa akiba zao fedha ambazo hawakuwahi kuzichukua. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilisema wazi kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zinazoweza kusababisha upungufu wa namna hiyo, na mwaka 2024 ikabidi Bunge lipitishe sheria ya kufuta hukumu hizo.

Mhitimu wa fani yetu ndiye anayetakiwa kusimama katika chumba cha mkutano na kusema, "Kabla ya kumtuhumu huyu mama, tuangalie kumbukumbu za mfumo." Mimi nilikisoma kisa hiki peke yangu, usiku, kwenye simu. Kilipaswa kuwa darasani.

5. Mradi wa mwisho umekuwa wa kurithishana.

Mfumo wa maktaba. Mfumo wa kusajili wanafunzi. Mfumo wa hoteli. Kila mwaka majina ni hayohayo, na kila mtu hapa anajua kwamba miradi inapita mkono kwa mkono, na mingine inanunuliwa. Mradi usio na mtumiaji halisi hauwezi kuzuia hilo, maana hakuna mtu wa nje atakayeuliza kwa nini haufanyi kazi.

6. Ushauri wa kazi haupo.

Tunaambiwa tutafanya kazi popote. Popote ni wapi? Mwanafunzi anayetaka kuwa mkaguzi wa mifumo hajui kuwa cheti cha CISA cha taasisi ya ISACA kinadai uzoefu wa kazi na siyo mtihani peke yake. Anayetaka uchambuzi wa biashara, usimamizi wa kanzidata au uchambuzi wa data hajui achague kozi zipi za hiari. Saa mbili za mazungumzo mwaka wa pili zingetosha kuanzia.

Mheshimiwa Amidi, majibu mengine ninaweza kuyakisia kwa kuwa nimekwishayasikia.

Litasemwa suala la fedha. Lakini programu za kanzidata kama PostgreSQL, MySQL na SQLite hupatikana bila malipo. SQLite haihitaji hata seva, yaani kompyuta ya kuhudumia nyingine: kanzidata nzima ni faili moja, na inakwenda kwenye kompyuta kuukuu za maabara yetu. Kinachohitajika ni saa za maabara kwenye ratiba, na maabara yenyewe imefungwa kila siku baada ya saa kumi jioni.

Itasemwa kwamba mtaala umeshapitishwa na haubadiliki hadi mzunguko wake wa mapitio ufike. Sawa. Ila mtaala unasema "mazoezi ya vitendo" na hautaji kalamu popote. Namna ya kutahini, mifano ya darasani na usimamizi wa fildi vyote vinaweza kubadilika muhula ujao bila kugusa mtaala hata mstari.

Na yapo maneno niliyoambiwa ana kwa ana: "Kama ulitaka kuandika programu, ungekwenda sayansi ya kompyuta." Niliyachukulia kwa uzito, nikaenda kusoma. Mwongozo wa kimataifa wa mitaala ya fani hii, unaotolewa na ACM na AIS, vyama vya wanataaluma wa kompyuta na mifumo ya taarifa, katika toleo la 2010 uliondoa uandishi wa programu kwenye kozi za lazima. Toleo la 2020 likaurudisha, likaweka pia maadili na kazi ya vitendo miongoni mwa mambo ya lazima. Wenye fani yao walijaribu njia hiyo kwa miaka kumi, wakageuka. Wala hatuombi kuwa wahandisi wa programu. Tunaomba tujue kuandika za kutosha ili mhandisi anapotuambia jambo haliwezekani, tujue kama ni kweli.

Kuhusu uvivu wa wanafunzi, sitakataa kwamba upo. Lakini swali la "taja na ueleze" linamlipa mvivu aliyekariri usiku wa kuamkia mtihani kuliko anayejitahidi mwaka mzima.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Kuanzia muhula ujao, angalau nusu ya alama za kozi ya kanzidata zitokane na mtihani unaofanyika kwenye kompyuta, ambapo mwanafunzi anaendesha amri zake na kuona matokeo. Maabara ifunguliwe hadi saa mbili usiku. Tuko tayari kupangiana zamu za kuilinda.

(b) Wakuu wa idara zote mbili wakae pamoja, wapitie kozi zetu moja baada ya nyingine, na wateue walau zoezi moja la pamoja kila mwaka. Lile la kulinganisha oda, hati ya mapokezi na ankara linafaa kuanzia.

(c) Fildi iwe na msimamizi wa kitaaluma anayesoma taarifa na kuijibu kwa maandishi, na mwanafunzi aliyepangiwa fotokopi aweze kuhamishwa ndani ya wiki mbili za kwanza.

(d) Hakuna mradi wa mwisho utakaopokelewa bila mtumiaji halisi atakayekuja siku ya uwasilishaji na kusema kama umemsaidia.

Ombi la visa vya mifumo iliyoleta madhara sijaliwekea herufi, kwa sababu halihitaji kikao. Mhadhiri mmoja akiamua leo, kesho vinafundishwa.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye tarehe ya utekelezaji kwa kila ombi, au sababu ya kulikataa. Ukituita ofisini tutakuja, na nitakuja na kompyuta yangu yenye yale majedwali mawili. Wanafunzi wenzangu saba wamejitolea kuandaa data za mazoezi, chafu kama zilivyo huko nje, ili kozi ya kanzidata izitumie bure. Tumeshaanza. Jedwali la kwanza ni la stoo, na lina safu ya "kilichopokelewa" iliyo mbali na safu ya "kilichoagizwa".

Wako katika taaluma,

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho,
Shahada ya Mifumo ya Taarifa za Menejimenti

Nakala:
Wakuu wa idara zote mbili
Kamati ya Mitaala ya Seneti
Wawakilishi wa madarasa, mwaka wa kwanza hadi wa mwisho